Mtoto Asipolia

Wengi wetu tumewahi kukisubiri kile kilio cha kwanza cha mtoto. Mara nyingi huja chenyewe. Kisipokuja, mkunga ana muda mfupi sana, dakika moja hivi, ambayo sisi wauguzi tunaiita dakika ya dhahabu. Humo mtoto hana budi kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na asipovuta pumzi, kupuliziwa hewa kwa mfuko na kinyago. Hapahitajiki mashine kubwa. Panahitajika mikono iliyozoea.

Je, mikono huzoea vipi? Sisi wa Nduguti tuna jibu jirani, huko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ng'ambo ya mpaka wa wilaya yetu ya Mkalama.

Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Walipopimwa miezi saba baadaye kwa kutumia mdoli, walifanya vizuri kuliko awali. Lakini katika chumba cha kujifungulia, kwa watoto wenyewe, huduma haikuwa imebadilika. Sisi tuliokaa katika semina nyingi hatushangai. Semina tunazijua: ukumbi, soda, posho, cheti, na Jumatatu kila mtu yuko kwenye foleni yake kama zamani.

Hapo wengi wangesema mafunzo yameshindwa. Wao waliyapeleka mazoezi wodini. Kila juma mhudumu alifanya zoezi fupi la dakika tatu hadi tano na mdoli, papo hapo kazini, na kila mwezi kukawa na marudio ya dakika 40 hivi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Karibu watoto wanne katika kila elfu, kwa dakika chache za juma!

Hospitali moja ikifanikiwa, watu husema ni kwa sababu ya daktari fulani, au wafadhili. Kazi ni kuyapeleka mazuri hayo kwingine. Ndiyo maana mradi wa Safer Births ulianza mwaka 2021 katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Singida haukuwemo. Kila kituo kiliteua wahudumu wake wenyewe wa kuwasimamia wenzao katika mazoezi, na kuzitazama pamoja takwimu za kituo chao. Tunaona hapo ndipo siri ilipo. Mgeni wa wizarani huondoka na gari lake. Muuguzi mwenzako yupo zamu ya usiku.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa, wakiwemo waliozaliwa wafu, vilikadiriwa kushuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Mikoa yote haikupata nafuu sawa, jambo linaloonyesha kwamba mpango mmoja haupokelewi kila mahali kwa namna moja.

Mama asiye muuguzi afanye nini? Zahanati na vituo vya afya vina kamati zenye wajumbe wa wananchi. Mwulizeni mjumbe wenu: mfuko na kinyago viko karibu na kitanda cha kujifungulia, au vimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko nyumbani? Wahudumu wamefanya mazoezi lini mara ya mwisho? Ulizeni kwa upole, kwani muuguzi aliye peke yake zamu nzima anahitaji kuungwa mkono na wakubwa wake ili apate hizo dakika tano.

Na wewe unayekaribia siku zako, weka katika mfuko wako wa kliniki vitambaa viwili safi, vikavu na laini: kimoja cha kumkaushia mtoto, kikishalowa kitupwe kando, na cha pili cha kumfunikia.