MTU NA BUNDUKI YAKE
Kwa nini silaha moja hupendwa kuliko zote, na mapenzi hayo yanapaswa kukoma wapi

Mzoea punda hapandi farasi, walisema wahenga. Ukweli wa methali hii huonekana asubuhi katika ghala ya silaha ya kambi yoyote, askari wanapojipanga kupokea bunduki zao. Zote ni za aina moja, zina urefu mmoja na uzito mmoja, na mgeni akizitazama hawezi kutofautisha hii na ile. Lakini askari aliyepewa isiyo yake huijua mara anapoitia begani. Atasoma nambari iliyochorwa juu ya chuma, atatikisa kichwa, na kumwomba mtunza ghala amtafutie ile aliyoizoea.

Wako wanaomcheka askari wa namna hiyo na kudhani kwamba ni mtu wa ushirikina. Hawamtendei haki. Upendeleo wake una sababu, na nyingi ya sababu hizo zimo ndani ya chuma na mti wa silaha yenyewe.

TABIA YA KILA MTUTU

Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazipigi mahali pamoja kabisa. Moja itaelekea kushoto kidogo, nyingine itapanda juu kidogo. Kwa hiyo kila bunduki hurekebishwa shabaha yake katika kiwanja cha mazoezi, na marekebisho hayo hufuata pia jicho la mtu, namna anavyoweka shavu juu ya kitako, na namna kidole chake kinavyovuta kifyatuo. Akiichukua mwingine, huenda risasi zake zisifike mahali zilipokuwa zikifika za mwenzake.

Mfano mzuri ni ile bunduki ya Waingereza ya 303, ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki waliibeba. Ilikuwa na uzito wa kilo 4 hivi na kuchukua risasi 10. Vitako vyake vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, ili mtu mfupi na mtu mrefu kila mmoja apate kinachomfaa. Boliti yake ilipigwa nambari ile ile ya mwili wa bunduki, na askari alikatazwa kabisa kuibadilisha na ya mwenziwe. Boliti isiyokaa sawasawa nyuma ya risasi inaweza kuliachia ganda lipasuke karibu na uso wa mpigaji. Mwili na boliti vilikuwa kama mume na mke: havikuazimwa.

Bunduki hizo ndizo zilizokwenda Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake kilikuwamo kikosi cha 4 cha KAR kutoka Uganda, ilishuka katika bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na homa, na mwezi wa Desemba ikaingia Kalewa. Katika unyevu wa namna ile chuma huota kutu kwa usiku mmoja. Tena fataki za risasi za siku hizo ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo haiondoki kwa mafuta. Dawa yake ilikuwa maji ya moto. Askari alimimina maji yanayochemka ndani ya mtutu, akaukausha kwa kitambaa na kamba, ndipo akapaka mafuta. Mtu anayeitunza silaha hivyo, siku baada ya siku, hawezi kuiona kama kipande cha chuma tu. Matunzo huzaa mazoea, na mazoea huzaa mapenzi.

BUNDUKI NDOGO YA KARAMOJA

Mwindaji mmoja maarufu aliiacha sifa yake katika ardhi ya Uganda. Huyo ni W. D. M. Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, ambaye tangu mwaka 1902 alisafiri katika Karamoja akitafuta pembe za ndovu. Wazungu wenzake wakamwita Bell wa Karamoja.

Wawindaji wengi wa ndovu wa siku hizo walitegemea bunduki kubwa za mitutu miwili. Baadhi yake zilirusha risasi yenye uzito wa gramu 48, na kishindo chake kiliweza kumyumbisha mpigaji mwenyewe. Bell alipenda Mauser nyepesi ya milimita 7, ambayo risasi yake haikuzidi sana gramu 11. Kwa hesabu yake mwenyewe aliwaua ndovu 1,011, na wengi wao, kama 800 hivi, kwa bunduki za aina hiyo.

Siri haikuwa katika bunduki peke yake. Bell alipasua kwa msumeno mafuvu ya ndovu ili aone ubongo umekaa wapi, akajifunza kuufikia kutoka kila upande. Alikuwa na silaha ambayo haikumchosha kubeba wala kumtisha kupiga, na aliijua kama anavyojua kiganja cha mkono wake. Waliomwiga kwa kununua bunduki ndogo bila kununua ujuzi wake walijitia katika hatari kubwa.

Leo habari hiyo haisomwi kwa furaha tupu. Ndovu walioonekana kama hawana mwisho walipunguzwa mno kwa ajili ya pembe, na mwaka 1962 ilibidi Hifadhi ya Taifa ya Kidepo ianzishwe huko huko Karamoja ili wanyama waliosalia wapate mahali pa kuishi.

ZAWADI YA CORBETT, NA MKULIMA WA UFINI

Risasi ya aina hiyo hiyo ilimpa jina mtu mwingine, huko India. Mwaka 1907 Jim Corbett alimwua chui milia jike wa Champawat, ambaye inasemekana alikuwa amekwisha kula watu 436. Gavana wa jimbo akamzawadia bunduki iliyotengenezwa na kampuni ya Rigby ya London, yenye kibati cha fedha juu ya kitako kilichoeleza sababu ya zawadi. Corbett alikaa nayo miaka mingi na kuichukua katika misako mingine ya wanyama wala watu. Mwaka 1947 alihamia Kenya, akakaa Nyeri hadi kufa kwake mwaka 1955, na kaburi lake liko huko. Kwake bunduki ile ilikuwa ukumbusho wa watu wa vijijini waliolala usingizi tena baada ya hofu ya miaka.

Huko Ufini, nchi ya theluji, mkulima mfupi wa kimo aitwaye Simo Häyhä alipigana katika vita vya majira ya baridi vya 1939 na 1940, Warusi walipoivamia nchi yake. Yeye hakutaka bunduki yenye darubini. Alitumia shabaha za chuma za kawaida, za aina ya bunduki aliyoifanyia mazoezi katika kikosi cha walinzi wa raia kabla ya vita. Darubini humlazimisha mtu kuinua kichwa zaidi, na kioo chake huweza kumeta juani na kumfichua mwenyewe. Alitia theluji kinywani ili mvuke wa pumzi yake usionekane. Kwa muda usiofika siku 100 alihesabiwa kuwa amewaua maadui zaidi ya 500, hadi tarehe 6 Machi 1940 alipopigwa risasi ya taya. Alipona, akarudi shambani, akafa mwaka 2002 akiwa na miaka 96.

MAPENZI YANAPOPITA MPAKA

Hata hivyo, kupenda silaha kuna upande wake wa giza. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, kambi ya Moroto iliachwa, na bunduki zilizokuwa ndani yake zikachukuliwa na watu wa Karamoja. Mfugaji aliyeishi kwa mkuki akapata silaha ya kulinda ng'ombe wake, na jirani yake akapata ya kuwateka. Bunduki ikawa mali ya nyumba, ikabadilishwa kwa ng'ombe kama vitu vingine vya thamani. Wajane na yatima wakaongezeka, na serikali ilipoanza kazi ya kuzikusanya mwezi wa Desemba 2001, na tena mwaka 2006, ilikuta kwamba kung'oa bunduki mkononi mwa mtu aliyeitegemea kwa uhai wake ni kazi ngumu na yenye machungu kwa pande zote.

Askari hutofautiana na hao kwa jambo moja. Bunduki anayoipenda si yake. Ameaminiwa nayo na taifa, na kila jioni mapenzi yake hupimwa kwa wepesi wa kuirudisha ghalani.

SILAHA NA WATOTO NYUMBANI

Wako lakini wenye silaha nyumbani kwa idhini ya sheria: mkulima anayefukuza nguruwe, mlinzi, ofisa aliye kazini mbali na kambi. Hapo mke na watoto nao huishi na bunduki hiyo, na inafaa wajue mambo machache.

Mtoto akililia wembe, mpe. Hivyo ndivyo isemavyo methali. Wembe humkata kidole akajifunza. Bunduki haitoi nafasi ya kujifunza. Basi isiwekwe chini ya godoro wala nyuma ya mlango, mahali ambapo mtoto wa miaka mitano hupajua kuliko baba yake. Ifungiwe kwa ufunguo, bila risasi, na risasi zifungiwe mahali pengine kwa ufunguo mwingine.

Ajali nyingi huanza na maneno haya: "Haina risasi." Mwenye silaha hukoki kwanza ili kutoa risasi iliyomo, kisha huondoa magazini. Hajui kwamba kwa kukoki ameingiza nyingine mtutuni. Utaratibu ulio salama ni kinyume chake: magazini itoke kwanza, kisha chumba cha risasi kifunguliwe, kitazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Wakati wote huo mtutu uelekee mahali pasipo na mtu. Ukuta wa udongo usidhaniwe kuwa kinga, kwa kuwa risasi ya vita hupenya na kumkuta aliyelala chumba cha pili.

Mama wa nyumba asione haya kumwuliza mumewe kama amefanya hivyo. Swali hilo ni la kulinda watoto, na mume mwenye busara hulijibu bila hasira.

SIKU YA KUAGANA

Kila askari hufikia siku ya kuhamishwa au kustaafu. Siku hiyo huisafisha bunduki yake mara ya mwisho, labda kwa uangalifu kuliko siku zote, na kuiweka juu ya meza ya mtunza ghala. Jina lake hufutwa katika daftari na la kijana mwingine huandikwa. Wako wazee waliokwisha sahau majina ya makamanda wao, na bado wanaitaja nambari ya bunduki yao bila kukosea.

Kijana atakayeipokea ataikuta mtutu ung'aao ndani, na boliti inayokwenda bila kukwaruza. Hajui aliyeitunza, lakini atafaidi matunzo yake.