Daftari la Thamani Lifanywe Upya

Mwenye duka kisiwani hunung'unika kila anapoletewa hati ya kodi ya ardhi. Halmashauri nayo hunung'unika kwamba hazina ni tupu. Kwa maoni yetu, wote wawili wana haki. Kosa limo katika daftari la thamani.

Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeipa kila kaunti ya Kenya uwezo wa kutoza kodi hii. Lakini desturi yetu imekuwa kuthamini kiwanja kitupu. Hivyo duka la chumba kimoja na jumba la ghorofa kumi, katika viwanja vya thamani moja, hulipa sawasawa. Tena sheria ya zamani ilitaka daftari lifanywe upya kila baada ya miaka 10, na hata Nairobi ilitumia lile la 1982 kwa zaidi ya miaka 30.

Twawasihi wahusika wa Mombasa na Lamu wawatume wathamini mapema, na rasimu ya daftari iwekwe wazi, kwa Kiswahili, ili mwenye pingamizi asikizwe kabla ya kutozwa. Wananchi nao wasingoje hati ndipo waseme. Kodi iliyopimwa kwa haki haihitaji askari wa kuidai.