Maziwa Yakipungua, Baba Yuko Wapi?

Huko Nkoroi, kaunti ya Kajiado, tulimkuta mzazi akizidisha maji katika maziwa ya kopo ili yafike mwisho wa mwezi. Tukamsihi aache: tumbo la mtoto hujaa maji, mwili ukadhoofika. Wala maziwa ya ng'ombe hayawi badala yake kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Dawa ya kwanza ni kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana, kwani ziwa linyonywalo ndilo litoalo. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto akikojoa chini ya mara sita kwa siku, apelekwe kliniki.

Nanyi akina baba, Suratul Baqara, aya ya 233, imewabebesha chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Kopo likihitajika, ni wajibu wenu, si aibu yake.