Haidrojeni, gesi nyepesi inayovunja chuma kigumu

MNAMO Machi 2013, wahandisi nchini Marekani walikuwa wakikamilisha daraja jipya kati ya San Francisco na Oakland pale nondo za kushikilia vifaa vya kulizuia lisiyumbe wakati wa tetemeko zilipoanza kukatika. Kati ya nondo 96 zilizokuwa zimekazwa, 32 zilivunjika katika muda wa majuma mawili. Ardhi haikuwa imetetemeka, na daraja lenyewe lilikuwa bado halijafunguliwa.

Uchunguzi ulibainisha kuwa chanzo kilikuwa haidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko zote.

Gesi huingiaje ndani ya chuma? Atomu za chuma hujipanga kwa safu mithili ya matofali ukutani, na baina yake mna nafasi finyu. Katika hali ya gesi, atomu za haidrojeni hutembea mbili mbili, na hivyo haziwezi kupenya. Lakini chuma kinaposhika kutu, kinapooshwa kwa asidi au kinapochomelewa kukiwa na unyevu, atomu hizo hutengana na kujipenyeza mojamoja.

Zikiwa ndani, husogea hadi pale chuma kinapovutwa zaidi, hasa kwenye ncha ya ufa mdogo usioonekana kwa macho. Hapo hulegeza mshikamano wa atomu za chuma. Chuma ambacho kingepinda kwanza, sasa hukatika ghafla kama kigae, pengine siku kadhaa baada ya kubebeshwa mzigo.

La kustaajabisha ni kwamba kadiri chuma kinavyofanywa kigumu, ndivyo kinavyozidi kudhurika. Nondo za daraja hilo zilikuwa ngumu mno, na tangu 2008 zilikuwa zimekaa katika mashimo yaliyoingia maji.

Tatizo hili si geni. Mnamo 1875, Mwingereza William Johnson alieleza jinsi waya wa chuma uliochovywa katika asidi ulivyovunjika upesi, na jinsi ulivyorejesha uimara wake ulipoachwa kwa muda. Haidrojeni ilikuwa imetoka.

Kinga inayotumika viwandani hadi leo hutegemea ugunduzi huo: chuma kigumu kilichopakwa madini mengine hutiwa katika tanuri kwa saa kadhaa, kwenye joto la takriban nyuzi 200, ili gesi itoke. Aidha, wahandisi huchagua chuma kisicho kigumu kupita kiasi.

Suala hili linatuhusu pia. Mnamo Septemba 2023, Kenya ilizindua mkakati wake wa kuzalisha haidrojeni kwa nishati safi, hasa kwa ajili ya mbolea. Gesi hiyo itahitaji mitungi, mabomba na vali za chuma. Anayenunua vifaa hivyo asiulize tu ugumu wa chuma, bali pia iwapo kimepimwa dhidi ya haidrojeni.