Damu ya Agano na Damu ya Kunyonywa (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliishia kwa Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, ambamo msalaba na ostia ndizo kinga dhidi ya mnyonya damu. Waliomfuata Stoker waliingia kanisani kwa undani zaidi. Anne Rice, katika Memnoch the Devil ya mwaka 1995, alimfikisha mnyonya damu wake Lestat kwenye njia ya msalaba, akainywa damu ya Kristo mwenyewe.

Wapo watakaosema ni kufuru. Mimi naona Rice aligusa kiini cha jambo. Torati inakataza kula damu kwa kuwa uhai umo ndani yake. Kisha, katika Yohana sura ya 6, Yesu anawaambia watu wainywe yake, na wengi wa wanafunzi wake wanamwacha. Mnyonya damu ni ekaristi iliyopinduliwa: Kristo anatoa damu yake wengine waishi, huyu anatwaa ya wengine asife. Mapenzi yakiingia hapo ndipo hadithi inapokuwa ngumu, kwa sababu ampendaye mtu atamfyonzaje?

Sasa turudi Nakuru. Kijana wa hapa anayetaka kuandika hadithi ya namna hii hana haja ya kuazima ngome za Ulaya. Ila ajue historia ya damu katika Bonde la Ufa, maana akiikosea atawadhulumu wafu.

Olenguruone, juu kwenye safu ya Mau, ndiko serikali ya kikoloni ilikowapeleka Wakikuyu waliofukuzwa katika ardhi ya Wamaasai. Waliwekewa masharti ya kilimo yaliyowafanya wapangaji tu, wakayakataa. Katika miaka ya 1940 walikula kiapo cha umoja, wanaume kwa wanawake na hata watoto, jambo ambalo halikuwa desturi. Mwishowe walitimuliwa, lakini kiapo kilisambaa kwa maskwota wa mashamba ya walowezi, kikawa mzizi mmojawapo wa Mau Mau. Katika viapo vya baadaye mara nyingi palikuwa na nyama na damu ya mbuzi, pamoja na udongo.

Wakristo wa uamsho, wale waliookoka, walikataa. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu, hawawezi kunywa nyingine juu yake. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Nao waliokula kiapo waliimba nyimbo zao kwa sauti za tenzi za kanisani. Yalikuwa maagano mawili, na kila moja lilidai mtu mzima mzima.

Wakoloni walikiita kiapo kile ibada ya kishetani. Kwa hiyo mwandishi atakayewageuza wapiganaji wa msituni kuwa wanyonya damu atakuwa anarudia kashfa ileile. Hadithi za Waafrika wenyewe zilimweka mnyonya damu kwingine kabisa. Luise White, katika Speaking with Vampires ya mwaka 2000, amezichambua simulizi za wazimamoto wa Nairobi na Kampala na za mumiani: watu wanaokamatwa usiku, wanatiwa garini, wanatolewa damu kwa ajili ya Wazungu. Mnyonya damu wetu ana sare, ana gari, anatumwa na mwenye mamlaka. Hatongozi mtu.

Hapo ndipo ninapoona riwaya yetu inaweza kuwa ya kweli na ya kutisha. Wapendanao wawe kijana aliyekula kiapo na binti aliyeokoka, katika shamba la mlowezi nje ya Nakuru, na mnyonya damu awe mwenye shamba. Binti hataki damu ya mbuzi, kijana hataki meza ya Bwana, na wote wawili wanahitajiana ili waokoke na yule bwana.

Sehemu ya tatu itapanda Menengai, ambako mvuke unaofuka kretani husimuliwa kuwa roho za mashujaa wa Kimaasai waliotupwa humo vitani, na ambako Wakristo leo huingia mapangoni kufunga na kuomba.