Nani Atamlinda Mwandishi wa Kike?

MSOMAJI, kama umewahi kuishi Ngara au kupita pale usiku, unaijua hali ya kituo cha Fig Tree ikishafika saa nne. Wauza mitumba wamekwisha kufunga mizigo yao, mahindi ya kuchoma yamebaki mawili matatu juu ya jiko, na manamba wanaita abiria wa mwisho wa kwenda Pangani. Ni saa hizo ambapo matatu ilikuwa ikimteremsha msichana mmoja aliyepanga chumba katika ploti yetu. Alivuka barabara mbio mbio, mkoba ameukumbatia kifuani, asitazame kushoto wala kulia mpaka afike langoni.

Sisi majirani tulikuwa na maneno yetu. "Binti wa watu hutoka wapi saa hizi?" mama mmoja aliuliza tukiwa tunateka maji mferejini, na mwenzake akamjibu kwa kicheko ambacho wewe msomaji unakielewa. Sitajifanya mwema. Mimi pia nilicheka.

Kumbe binti yule alikuwa mwandishi wa habari. Mchana kutwa alikuwa mahakamani, hospitalini na katika mitaa ya mabanda, na jioni aliketi kuandika mpaka mhariri aipokee habari yake. Hakuwa mwajiriwa wa kudumu. Alilipwa kwa kila habari iliyochapishwa, na kwa hiyo gari la kuwapeleka wafanyakazi nyumbani usiku halikumhusu.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi ngazini, kazini hakwenda. Nikamwuliza, "Kulikoni, binti yangu?" Akanieleza. Alikuwa akifuatilia malalamiko ya wasichana wanafunzi katika bweni moja la kibinafsi, waliosema kwamba msimamizi aliwasumbua usiku na kutishia kuwafukuza wakimkataa. Tangu aanze kuulizia jambo hilo, simu yake haikutulia. Mtu asiyejitaja alimwambia nambari ya mlango wake na saa anayoshuka matatu. Alipompelekea mkubwa wake wa kazi habari hiyo, akajibiwa kwamba mambo kama hayo huzungumzwa vizuri zaidi watu wakiwa wawili, mahali penye chakula na kinywaji.

"Nikija nyumbani nako, Mama," akasema, "nyinyi mwaniona malaya. Sasa niende wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwisho wa mwezi alifunga virago akarudi kwao. Habari ya bweni lile haikuandikwa, na wazazi wakaendelea kuwapeleka mabinti zao pale bila kujua lolote.

SI NGARA PEKE YAKE

Huenda ukadhani kwamba hayo ni masaibu ya msichana mmoja mwenye bahati mbaya. La, sivyo. Mwishoni mwa mwaka 2020 shirika la UNESCO na Kituo cha Kimataifa cha Waandishi wa Habari waliwahoji waandishi 901 kutoka nchi 125. Miongoni mwa wanawake waliojibu, asilimia 73 walisema wamewahi kutukanwa, kutishwa au kudhalilishwa katika mitandao kwa sababu ya kazi yao. Asilimia 20 walisema kwamba maovu yale hayakuishia katika simu na kompyuta, bali yaliwafuata mpaka nje. Asilimia 30 walikiri kwamba walianza kujinyamazisha wenyewe mitandaoni.

Mwandishi wa kiume naye hupigwa na kufungwa, hakuna ubishi. Lakini mwanamke huongezewa mzigo mwingine. Mwanamume akiandika jambo lisilopendeza wakubwa, huambiwa ni mwongo au amehongwa. Mwanamke huulizwa amelala na nani, mwili wake hujadiliwa hadharani, na watoto wake hutajwa.

Wapo waliolipa kwa damu. Katika kisiwa cha Malta, Daphne Caruana Galizia, aliyekuwa akifichua ufisadi, aliuawa kwa bomu lililotegwa ndani ya gari lake Oktoba 2017. Shireen Abu Akleh wa televisheni ya Al Jazeera alipigwa risasi akiwa kazini mjini Jenin mnamo Mei 11, 2022, ilhali alikuwa amevaa fulana iliyoandikwa kwamba yeye ni mwandishi wa habari. Na hapa kwetu, Julai 16, 2024, Catherine Wanjeri wa Kameme alipigwa risasi mguuni mjini Nakuru alipokuwa akiripoti maandamano. Nakuru si mbali, msomaji. Ni safari ya asubuhi moja tu.

WALIOSHIKANA MIKONO

Habari njema ni kwamba wanawake hawa hawakukaa kusubiri kuhurumiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao wakaungana. Hapa Kenya walianzisha chama chao, AMWIK, mwaka 1983. Uganda walianzisha UMWA mwaka huo huo, na mwaka 2001 chama hicho kikafungua kituo cha redio, Mama FM. Nchini Tanzania chama cha TAMWA kilizaliwa mwaka 1987, kikatoa jarida kiitwacho Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad wa Unguja, mwimbaji wa taarab aliyeuza vyungu kabla sauti yake kurekodiwa Bombay mwaka 1928.

Usidhani vyama hivi vilikuwa vya kunywa chai na kusemana. TAMWA, pamoja na mashirika mengine ya wanawake, walipiga kelele juu ya ubakaji na unajisi wa watoto mpaka Bunge la Tanzania likapitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998. Sheria hiyo iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Hebu fikiri. Lau waandishi wale wangetishwa wakanyamaza, watoto wangapi wangekosa kinga hiyo?

Mashariki mwa Kongo kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mjini Bukavu, Chouchou Namegabe na wenzake waliunda chama cha AFEM mwaka 2003, wakaenda vijijini na vinasa sauti kuwasikiliza wanawake waliobakwa vitani. Mambo hayo yalikuwa mwiko hata kutajwa, seuze kutangazwa redioni. Mwaka 2009 waandishi wa kike wa mji huo, akiwamo Caddy Adzuba wa Radio Okapi, walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwatishia maisha. Kwa kuwa walikuwa na chama, vitisho vile havikufichwa. Vilitangazwa, ulimwengu ukavijua, na aliyetisha gizani akajikuta anamulikwa. Caddy Adzuba aliendelea na kazi, na mwaka 2014 akatunukiwa nchini Hispania tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias.

Hata Kenya tunao wa kujivunia. Mwaka 1992, wakati ambapo kuandika ukweli kungeweza kukufikisha korokoroni, Catherine Gicheru wa gazeti la Nation alipewa Tuzo ya Ujasiri na IWMF, wakfu wa kimataifa wa wanawake katika vyombo vya habari. Mwaka 2011 Fatuma Noor wa gazeti la The Star alitawazwa mwandishi bora wa Afrika katika mashindano ya CNN, kwa makala zake juu ya vijana waliotoka ng'ambo kwenda kujiunga na Al-Shabaab. Hawa nao walikuwa mabinti wa watu, na bila shaka walirudi nyumbani usiku.

SHERIA IPO

Wewe mwanafunzi unayetamani kuingia kazi hii, jua kwamba sheria haikukuacha mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na maandishi yanayoeleza jinsi ya kuzuia unyanyasaji wa kimapenzi kazini na mahali pa kupeleka malalamiko. Ukiajiriwa, yaulizie maandishi hayo siku ya kwanza. Si utovu wa adabu.

Na Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inasema kwamba mwenye mamlaka anayezidi kumtaka mtu kimapenzi ilhali anajua hatakiwi ametenda kosa. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au yote mawili. Yule mkubwa wa chakula na kinywaji angetakiwa kukumbushwa hayo.

Taabu ni kwamba sheria haitembei yenyewe. Msichana anayelipwa kwa kila habari huogopa kwamba akishtaki, kesho habari zake hazitachapishwa, na kodi ya nyumba haingoji. Ndiyo maana ushahidi ni muhimu. Usiufute ujumbe wa matusi hata ukikuchoma moyo. Uhifadhi, andika tarehe na saa, mweleze mwenzako mmoja unayemwamini, kisha upeleke malalamiko yako polisi, kwa Baraza la Vyombo vya Habari, au kwa chama kama AMWIK. Na ukienda kufuatilia jambo la hatari, mtu fulani ajue unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Nanyi wahariri, gari la usiku lisiwe zawadi ya walioajiriwa peke yao. Anayeandika mpaka saa tatu usiku kwa ajili ya gazeti lako ni mfanyakazi wako, awe na mkataba au asiwe nao.

NASI MAJIRANI JE?

Lakini, msomaji, sikuandika haya ili tuwatupie lawama wahariri na polisi peke yao. Binti yule wa ploti yetu angeweza kustahimili simu za vitisho. Angeweza hata kumshtaki mkubwa wake. Alichokosa ni mahali pa kurudi. Aliyemtisha alijua saa anayoshuka matatu. Sisi nasi tuliijua saa hiyo hiyo, ila sisi tuliitumia kumsengenya.

Kwa hiyo anza nyumbani kwako. Kama binti yako anafanya kazi ya uandishi, mwulize leo amekutana na nini kabla ya kumwuliza kwa nini amechelewa. Kama ni mkeo, jirani asikuletee maneno ukayapokea. Kama ni mpangaji mwenzako, jua jina lake na nambari ya simu yake. Na ukiona katika mtandao mwanamke anatukanwa kwa habari aliyoandika, usicheke wala usiusambaze uchafu huo. Jibu habari yenyewe ukiwa na la kujibu.

Katika ploti yetu sasa anaishi msichana mwingine, mtangazaji wa redio anayemaliza kazi usiku. Siku ya kwanza alipochelewa, mama mmoja alianza, "Huyu naye..." Nikamkatiza. Tangu siku hiyo binti huyo akikaribia Globe hunipigia simu, nami humtuma kijana wangu mkubwa akamngoje kituoni Fig Tree. Ni mwendo wa dakika tano tu, na hauna gharama yoyote.

Juzi aliniambia kwamba ameanza kuulizia habari za mabweni ya wasichana. Nikamwambia, "Uliza, mwanangu. Sisi tupo."