Likizo Unguja: Mfanyabiashara wa Nyanda za Juu aende lini, na kwa fedha ipi?

WAFANYABIASHARA wa mazao wa Mbeya na Iringa wanaifahamu Unguja kwa magunia. Viazi mviringo vya Uporoto na Kilolo, karoti, kabichi na parachichi za Rungwe huvuka bahari kwenda Darajani na Mwanakwerekwe, na sehemu yake huishia katika majiko ya hoteli za kitalii. Lakini ni wachache miongoni mwao waliokwisha kulala katika hoteli hizo. Sababu inayotajwa siku zote ni bei. Ukurasa huu unaona kuwa bei ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni majira, yaani mwezi ambao fedha inatoka mfukoni.

Tuanze na bei ya juu kabisa, ili isitutishe tena. Kisiwa cha Mnemba, mkabala na Matemwe, kina nyumba 12 tu za wageni, na mgeni hulipa zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa usiku mmoja. Asiyelala hapo haruhusiwi kukanyaga mchanga wake. Hata hivyo, miamba ya matumbawe inayokizunguka huzuriwa na watu wote. Mashua hutoka Matemwe na Nungwi asubuhi, abiria akalipa nauli na ada ya hifadhi, akaogelea na samaki walewale wanaotazamwa na mwenye dola 1,000.

Kwa mtu wa kipato cha kati, mahali pa kutazama ni Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani. Huko bei za vyumba hupanda na kushuka kama mahindi. Kilele ni Julai hadi Oktoba, na tena katikati ya Desemba hadi Februari, wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ikiwa ghali kupita zote. Masika yanapoingia, Aprili na Mei, bei huanguka na baadhi ya hoteli hufunga milango kwa matengenezo.

Sasa linganisha na kalenda yetu. Mwenye mahindi ghalani husubiri Desemba hadi Februari ndipo auze kwa bei ya kuridhisha. Fedha yake inafika wakati uleule ambao vyumba viko ghali na ada za shule zinadaiwa. Wanaoahidi familia zao safari ya Januari wengi huishia kununua sare na madaftari.

Wiki tunazozipendekeza ni za mwanzo wa Juni. Mvua za pwani zimekwisha au zinaelekea kwisha, hoteli nyingi hazijapandisha bei, na shule zinafungwa. Aidha, joto la pwani limepungua, na mtu aliyezoea baridi ya Mbeya au Mufindi hatateseka kama ambavyo angeteseka Februari. Kasoro ni moja, nayo si ndogo. Mpunga wa Usangu na Kyela unavunwa, na mahindi yako njiani. Fedha iliyopo mkononi Juni kwa kawaida ni mtaji wa kununulia.

Tuchukue mfano. Mke na mume wanalala usiku 4 katika chumba cha sh. 150,000, jumla sh. 600,000. Tuseme nauli, chakula, mashua na teksi vinakula sh. 600,000 nyingine. Hiyo ni sh. 1,200,000. Iwapo gunia la mahindi linanunuliwa sh. 60,000 shambani, basi magunia 20 hayataingia ghalani. Na iwapo kila gunia lingeongezeka sh. 25,000 hadi Januari, likizo hiyo haikugharimu sh. 1,200,000 bali sh. 1,700,000. Hesabu hii ndiyo haifanywi.

Njia nafuu ni kuitoa fedha ya safari katika mauzo, kamwe si katika manunuzi. Anayeuza magunia 200 mwezi Januari akitenga sh. 6,000 kwa kila gunia anaipata sh. 1,200,000 yote kabla ya msimu mpya. Iwekwe katika akaunti yake peke yake. Malipo ya awali ya chumba yafanyike Machi, baada ya kuuliza kwa maandishi kama yanarudishwa safari ikivunjika. Omba bei ya mkazi kwa shilingi, na beba kitambulisho cha taifa, kwani nauli ya boti ya mwananchi ni tofauti na ya mgeni. Bima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 inawahusu wageni kutoka nje ya nchi. Mtanzania asikubali kutozwa.

Kuhusu usafiri, wa Mbeya wana ndege ya Songwe hadi Dar es Salaam kwa mwenye haraka. Wa Iringa wanaweza kushuka Morogoro na kupanda treni ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, wakaepuka foleni ya Kibaha na Kimara. Boti ya kasi huchukua saa mbili hivi. Tiketi ikatwe dirishani, si kwa vijana wa getini. Juni ni wakati wa kusi na bahari huchafuka, hivyo asiyezoea mawimbi asile sana asubuhi hiyo.

Upepo huo huo uongoze uchaguzi wa hoteli. Paje na Jambiani hupigwa na kusi moja kwa moja, na maji yakitoka huenda mbali sana, mkabaki mnatazama mashamba ya mwani. Kendwa ina kinga, na watu huogelea karibu saa zote.

Mfanyabiashara wa viazi abakize asubuhi moja ya Mwanakwerekwe, mapema, soko la jumla likiwa limechangamka. Aulize wenye meza saizi gani ya kiazi inatakiwa na hoteli, na ipi ya wauza chipsi na urojo. Aulize pia nani analipa taslimu na nani hulipa baada ya mwezi, na mzigo ulipanda kiasi gani Ramadhani iliyopita. Majibu hayo dalali wa Dar es Salaam hana sababu ya kumpa.